Wanafunzi Wanaojitolea Udzungwa: Waje Kufanya Nini Ukingoni mwa Msitu?

Likizo ndefu ya vyuo inapokaribia, parokia zilizo chini ya milima ya Udzungwa huanza kupokea barua. Vikundi vya wanafunzi, vingine vya hapa nchini na vingine vya kutoka Ulaya, huomba kuja kwa juma moja au mawili ili kujitolea katika mazingira ya hifadhi. Huomba kupanda miti, kuwasaidia watafiti, kufundisha watoto, na bila shaka kupanda mlima na kuwaona wanyama wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Barua hizo huandikwa kwa moyo mwema. Hata hivyo, waamini wanaoishi ukingoni mwa msitu huwa na swali lao, nalo linastahili jibu: vijana hawa wanakuja kwa ajili yetu, au kwa ajili ya kima?

Wapendwa waamini, swali hilo si la chuki. Anayeliuliza huenda ni mama aliyelala siku tatu bila kuni kavu jikoni, au baba aliyekesha usiku kucha juu ya dungu akilinda mpunga. Katika makala haya tunapenda kueleza safari ya namna hii ni nini, mahali penyewe pana nini, Mama Kanisa anafundisha nini juu ya jambo hili, na ni kazi ipi ambayo mgeni wa majuma mawili anaweza kuifanya bila kuwa mzigo kwa wenyeji wake.

Tuanze na mahali. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,990, nayo imeenea katika mikoa ya Morogoro na Iringa. Milima yenyewe ni sehemu ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi huku kwetu. Mvua itokayo Bahari ya Hindi imeinywesha misitu hii kwa mamilioni ya miaka, na kwa kuwa kila mlima umetengwa na mwenzake na nyanda kavu, viumbe wake wamekua peke yao kama watu wa kisiwani. Upande wa mashariki msitu hushuka kutoka vileleni hadi karibu na barabara ya Kidatu hadi Ifakara. Mahali pengine mtu akitoka mlangoni kwake hutembea dakika chache tu kuufikia mpaka. Hifadhi hii haitembelewi kwa gari kama Mikumi au Serengeti. Mgeni huenda kwa miguu, huku mwongozaji akitangulia, na akifika kwenye maporomoko ya Sanje yenye mita 170 huwa ameloa jasho kabla hajaloa maji.

Maji hayo ndiyo urithi wa kwanza wa milima hii. Mito ya Udzungwa hulisha bonde la Kilombero na mashamba yake ya mpunga na miwa, kisha huingia mto Rufiji, ambako sasa limejengwa bwawa la kuzalisha umeme la Julius Nyerere. Mwanafunzi anayewasha taa jijini Dar es Salaam, kwa njia ndefu kidogo, anautegemea msitu huu.

Urithi wa pili ni viumbe wenyewe, na hapa tunaomba subira ya msomaji, kwa maana kuna mambo mawili ambayo kila mwanafunzi anayekuja angepaswa kusimuliwa kabla hajafungua begi lake.

Mwaka 1979 watafiti waliokuwa wakipita katika msitu ulio juu ya Sanje walisikia mlio wa kima wasiyemfahamu. Kwa wataalamu wa dunia mnyama huyo alikuwa mgeni kabisa, na leo anaitwa mangabei wa Sanje. Kwa wenyeji hakuwa mgeni hata kidogo: walikuwa wakimwita ng'olaga tangu zamani. Mwaka 1991 jambo linalofanana na hilo lilijirudia, safari hii kwa namna ya kuchekesha. Wanasayansi waliokuwa wamepiga kambi msituni waliona ndani ya sufuria ya kitoweo miguu ya ndege ambayo hawakuweza kuitambua. Ndege huyo alikuja kutangazwa kuwa ni aina mpya ya kwale, asiyejulikana katika kitabu chochote. Katika sufuria alikuwa anajulikana vizuri sana.

Tunasimulia hayo kwa sababu yanageuza picha ya safari ya kujitolea. Mara nyingi mwanafunzi huja akidhani kwamba analeta elimu mahali ambapo haipo. Huko Udzungwa elimu ya msitu ilikuwapo kabla ya vitabu, na wenye elimu hiyo wangali hai, wengine wakiwa wazee wa jumuiya zetu ndogo ndogo. Kijana anayetaka kujifunza juu ya viumbe wa Mungu afanye kama watafiti wale walivyolazimika kufanya: amwulize mwenyeji jina lake. Kwa njia, mwaka huohuo wa 1979 Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mtakatifu Fransisko wa Assisi kuwa msimamizi wa wale wanaotunza mazingira. Waamini wa bonde hili, ambao tangu utotoni wanaifahamu Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, wataona kwamba msimamizi huyo hakuwa mbali nao.

Lipo pia somo la uchungu. Katika korongo la Kihansi, kwenye mteremko wa milima hiihii, mwaka 1996 aligunduliwa chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye makazi yake yote duniani yalikuwa eneo dogo la majani lililoloweshwa na mvuke wa maporomoko. Mwaka 2000 maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, mvuke ule ulipungua sana. Miaka michache baadaye vyura walitoweka, na mwaka 2009 ilitangazwa rasmi kwamba hawapo tena porini. Waliookolewa ni wachache waliokuwa wamepelekwa kulelewa katika bustani za wanyama nchini Marekani. Kizazi chao kilirudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, na tangu mwaka 2012 kimekuwa kikirejeshwa korongoni, ambako sasa maji hunyunyizwa kwa mabomba. Wengi wetu tuliwahi kumcheka chura huyo wa Kihansi, kwamba mamilioni ya fedha yanatumika kwa ajili ya kijidudu. Umeme wa Kihansi lakini ni wa lazima, hospitali na shule zinautumia. Hakuna upande wa habari hii ulio mwepesi, na hiyo ndiyo sababu inafaa kufundishwa kwa vijana.

Sasa tufike kwenye kuni.

Hifadhi ilipoanzishwa, wananchi wa vijiji vya mashariki waliruhusiwa kuingia msituni siku maalumu za juma kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilifutwa. Wahifadhi walikuwa na hoja: msitu wa chini, ule ulio karibu zaidi na vijiji, ndio uliokuwa ukiumia kwa kukatwa miche na fito, na ndimo wanamoishi wanyama adimu. Lakini gharama ya uamuzi huo haikugawanywa sawasawa. Mtalii hakupungukiwa kitu, mtafiti hakupungukiwa kitu, na sisi tunaosoma habari hizi mjini hatukupungukiwa kitu. Aliyepungukiwa ni yule mwenye mafiga matatu uani. Alilazimika kununua kuni au mkaa, kupanda miti yake mwenyewe kama ana eneo, kutumia pumba za mpunga, au kuingia msituni kwa siri akihofia kukamatwa. Wengi wa waliobeba mzigo huo ni wanawake.

Kisha kuna tembo. Hawa hawajui mpaka. Wakati mpunga unapokomaa, na hata ndizi na mahindi vinapokuwa shambani, hushuka usiku kutoka msituni. Familia moja hupoteza kwa saa mbili kazi ya miezi mitano. Mkulima hujenga dungu, hukesha humo na tochi, debe la kupiga na moto. Asubuhi mtoto aliyekesha na baba yake husinzia darasani. Serikali ina utaratibu wa malipo kwa waliopata hasara, chini ya kanuni za mwaka 2011, nayo huitwa kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa waliojeruhiwa au kufiwa. Majina yenyewe yanasema ukweli: si fidia ya kitu kilichopotea. Na hata hicho kidogo hakipatikani bila taarifa kutolewa mapema, uharibifu kukaguliwa na fomu kujazwa ipasavyo, jambo ambalo humshinda mkulima asiyezoea makaratasi.

Wapo waliotoa zaidi ya mazao. Kwa vizazi vingi tembo wamekuwa wakipita kati ya Udzungwa na pori la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mashamba na makazi yaliikaba njia hiyo. Katika miaka ya karibuni ushoroba umefunguliwa upya kati ya vijiji vya eneo la Mang'ula, ambapo baadhi ya wakulima waliachia ardhi yao, na chini ya barabara pakajengwa njia ya tembo kupita. Tunapozungumza juu ya kujitolea kwa ajili ya uumbaji, tukumbuke kwamba wanakijiji hawa walijitolea kabla mwanafunzi yeyote hajafika, tena walitoa shamba.

Mama Kanisa anasema nini? Wengine hudhani kwamba utunzaji wa wanyama ni jambo lililoingia kanisani juzi kwa kufuata mkumbo wa dunia. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2 aya ya 15, kinaweka kazi mbili mikononi mwa mtu mmoja: kulima bustani na kuitunza. Huku kwetu kazi hizo zimetenganishwa na mstari wa mpaka. Juu ya mstari watu hulipwa kwa kutunza. Chini yake watu hulima na kukesha. Ugomvi mwingi kati ya askari wa hifadhi na wanakijiji umezaliwa na utengano huo, na vijana wanaokuja wanapaswa kuuona kwa macho yao pande zote mbili. Askari wa hifadhi naye ni muumini wa parokia zetu, huacha familia yake kwa siku nyingi, na hukutana na majangili wenye silaha.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kuanzia namba 2415 hadi 2418, inafundisha mambo mawili ambayo wengi hupenda kuchukua moja na kuliacha la pili. Kwanza, wanyama ni viumbe vya Mungu, nao kwa kuwapo kwao tu humtukuza. Mamlaka ya mwanadamu juu yao yana mipaka, na kuwatesa au kuwaangamiza bila sababu ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe. Pili, haifai kuwatumia wanyama fedha ambayo kwanza ingepaswa kuwaondolea watu taabu. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake wa Laudato si' wa mwaka 2015, aliunganisha mafundisho hayo kwa kusisitiza kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini husikilizwa pamoja. Ekolojia anayoifundisha huko ni ile inayogusa msitu, jiko, shamba na darasa kwa wakati mmoja. Kwa mtazamo huo, mradi unaomwokoa mangabei na kumwacha mama bila kuni haujakamilika. Na mradi unaompa mama kuni kwa kuumaliza msitu utamwacha mjukuu wake bila kuni na bila maji.

Kutokana na hayo tunaweza kusema kazi ipi inafaa. Inafaa kazi ambayo wenyeji wangeiomba hata kama mgeni asingekuja, na ambayo itaendelea akishaondoka.

Mfano mzuri ni uzio wa mizinga ya nyuki. Ulibuniwa na kujaribiwa nchini Kenya na mtafiti Lucy King na wakulima wa huko, hasa katika vijiji vya Sagalla karibu na Tsavo Mashariki. Mizinga huning'inizwa kwa waya kati ya nguzo, takriban kila baada ya mita kumi, kuzunguka shamba. Tembo akisukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Naye, pamoja na ukubwa wake wote, huogopa kuumwa kandokando ya macho na ndani ya mkonga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba katika misimu ya mazao uzio huo ulizuia hadi asilimia 86 ya tembo waliokaribia mashamba ya Sagalla. Watafiti walionya pia kwamba ukame hupunguza nyuki mizingani, na mzinga mtupu hauna nguvu ileile. Huku Mang'ula pia wakulima wamejenga uzio wa namna hii, na asali yake huuzwa. Kazi ngumu ni matunzo. Nyasi huota chini ya waya, waya hulegea, nguzo huliwa na mchwa, mizinga huhamwa. Kikundi cha vijana ishirini wenye mapanga na moyo wa kutii maelekezo ya mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki kinaweza kumaliza kwa siku tatu kazi ambayo wakulima wangeifanya kwa mwezi.

Kazi nyingine ni vitalu vya miche ya kuni karibu na nyumba, ili msitu upumue. Kufyatua matofali ya majiko banifu pamoja na akina mama wa WAWATA ambao wameshajifunza ufundi huo. Kuwasaidia wakulima kuandika taarifa za uharibifu, kwa kalamu na daftari tu, bila gharama yoyote. Na kushiriki katika masomo ya mazingira shuleni chini ya mwalimu wa darasa. Kwa wanafunzi wa sayansi upo Udzungwa kituo cha ufuatiliaji wa ikolojia, kilichofunguliwa Mang'ula mwaka 2006 kwa ushirikiano wa TANAPA na makumbusho ya sayansi ya Trento, Italia. Humo hutumika kamera zinazojipiga zenyewe mnyama akipita. Kwa kamera za namna hiyo ndivyo alivyogunduliwa sange mkubwa wa uso wa kijivu, aliyetangazwa mwaka 2008.

Kazi zisizofaa nazo tuzitaje bila kuona haya. Kupaka rangi darasa ambalo fundi wa kijiji angelipwa kulipaka ni kumnyang'anya fundi kibarua. Kufundisha siku tano na kuondoka katikati ya mada ni kumwachia mwalimu kazi mara mbili. Kupiga picha watoto wa watu na kuzisambaza bila ridhaa ya wazazi ni kosa, tena linagusa taratibu za Kanisa za ulinzi wa watoto, ambazo kila kikundi hakina budi kuzisoma na kuzitia sahihi kabla ya kupokewa. Mgeni mzima asikae peke yake na mtoto mahali pa faragha, hata kwa kumfundisha. Kuwalisha kima ndizi ili wasogee kwenye kamera kunawazoesha kuvamia mashamba ya watu, na hasira ya mwenye shamba haitamfikia aliyekwisha panda basi. Na kwa kuwa kima hushikwa na magonjwa ya kifua ya wanadamu, mwenye mafua abaki nyumbani siku ya kuingia msituni, hata kama ameilipia safari.

Kwa viongozi wa vikundi tunaongeza machache ya utaratibu. Kuanzia Machi hadi Mei mvua ni kubwa na njia za mlimani huteleza. Miezi ya Julai hadi Oktoba ni mikavu na yafaa zaidi. Malaria ipo bondeni mwaka mzima, hivyo chandarua kiwe miongoni mwa vitu vya kwanza begini. Kuingia hifadhini ni kwa kibali na kwa mwongozaji, na ada yake ilipwe ofisini, apewe mtu stakabadhi. Barua ya kuomba kupokewa iende kwa paroko na nakala kwa ofisi ya kijiji, miezi miwili kabla. Kikundi kisizidi watu ishirini. Chakula kinunuliwe kijijini, na akina mama wanaopika walipwe kama wapishi wowote wale. Wasiombwe kufanya kazi hiyo kama majitoleo.

Wanaofika siku ya Jumamosi watakaribishwa katika jumuiya ndogo ndogo jioni hiyo, na Jumapili watashiriki Misa Takatifu pamoja na waamini. Siku ya Jumatatu isipangiwe kazi yoyote. Hiyo ni siku ya kuzunguka mashambani na wenye mashamba, kuonyeshwa nyayo za tembo, kupanda juu ya dungu, kuuliza bei ya fungu la kuni, na kuandika kila mmoja anachokisikia. Ratiba ya siku zilizobaki itapangwa jioni yake, wenyeji wakiwapo.